SOMO: Jaketi jipya la ngozi lina mikunjo. Je, ni kasoro?

Wakuu, salaam. Swali ni lile lile kila mara: picha ya jaketi jipya, mkunjo umezungushiwa duara jekundu, na chini yake "nirudishe au nivae?" Nimeshalijibu mara nyingi mno. Sasa naweka kila kitu hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

Kwa wenye haraka: mkunjo peke yake si kasoro. Ngozi ilikuwa juu ya mnyama aliyeinama kula, akalala ubavu, akachanwa na miiba. Baadaye ikawa jaketi, likakunjwa na kushindiliwa kwenye boksi. Kasoro ni tabaka la juu kupasuka, tabaka hilo kuachana na nyuzi za chini yake, au fundi kushona vibaya. Fuata hatua kwa mpangilio huu huu. Wengi hukimbilia kunyoosha kabla ya kukagua, na wakishafanya hivyo hakuna tena wa kuwasikiliza.

1. Litoe kwenye boksi na mfuko wa plastiki. Lebo usikate.

2. Lipige picha mchana karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni. Mwanga wa simu ukipiga usoni moja kwa moja unafuta mikunjo yote na picha haisaidii kitu.

3. Litundike kwenye hanga pana la mabega, zipu imefungwa, mifuko mitupu, penye hewa na pasipo jua. Liache siku mbili tatu. Hanga la waya halifai, linaacha vinundu mabegani.

4. Angalia mistari iliyobaki imekaaje. Mstari ulionyooka unaokata kifua na mgongo kwa usawa mmoja ni wa boksi, huo utakwisha kwa kuvaliwa. Mistari mipana inayokwenda sambamba, mara nyingi kwenye kipande cha mgongoni, ni makunyanzi ya shingo ya mnyama, hayo hayaondoki. Mishipa ya damu huonekana kama matawi ya mti chini ya rangi. Kovu huwa laini na linang'aa kidogo kuliko penginepo. Vyote hivi ni ngozi yenyewe. Viwanda vinavyotaka uso usio na alama huusugua, kisha huufunika kwa rangi nzito, na hapo unapoteza sehemu ya juu ambayo nyuzi zake zimebanana sana. Mimi nachukua jaketi lenye makunyanzi ya shingo bila kusita.

5. Kunja na utazame. Hii ndiyo hatua inayotoa hukumu. Shika sehemu ya ngozi, ikunje uso ukiwa kwa ndani, tazama kwenye kona ya mkunjo. Ukiona vikunyanzi vyembamba vilivyobanana, tabaka la juu limeshikana vizuri na nyuzi za chini. Ukiona mafungu makubwa yaliyovimba, na ukibonyeza kwa kidole unahisi uwazi chini yake, ngozi imelegea. Rudia kifuani, mgongoni, mbele ya mikono, mwisho karibu na kwapa. Ngozi ya tumbo na ya ubavuni nyuzi zake hazijabanana, na fundi mzuri huipeleka kwapani au sehemu isiyoonekana. Ikiwa kwapani, vumilia. Ikiwa kifuani, hiyo ni kasoro na unayo haki ya kulirudisha, kwa sababu haitapungua. Kila ukivaa inazidi. Ngozi ya kondoo ichunguze zaidi, maana kati ya matabaka yake kuna mafuta mengi na huachana kwa urahisi. Ya mbuzi kwa kawaida imebanana.

6. Tazama rangi ndani ya mkunjo. Kuna ngozi zilizoshibishwa mafuta na nta, ambazo ukizikunja rangi inapauka pale pale, ukisugua kwa kidole gumba inarudi. Hizo ni nzuri. Lakini ukipitisha ukucha ukakwama kwenye mstari, au rangi nyingine inachungulia ndani ya ufa, utando wa rangi umepasuka. Kama unabanduka na chini yake kuna kitambaa, hilo si jaketi la ngozi.

7. Kagua mshono. Funga zipu, lilaze juu ya meza. Zipu ikipanda na kushuka mawimbi, ngozi ilivutwa wakati wa kushona zipu. Kisha ligeuze: bitana ikiwa fupi kuliko ngozi, inaivuta kutoka ndani na kuleta mikunjo upindoni na mikononi ambayo haitaisha hata uvae mwaka mzima. Hii ni kasoro ya fundi, ngozi haina kosa.

8. Joto. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo majaketi mazima yanapokufa. Usipige pasi. Usilitundike juu ya sufuria inayochemka. Usilisogezee mashine ya kukaushia nywele. Nyuzi za ngozi ni protini, na zikiwa na unyevu zina kiwango cha joto ambacho zikikifikia hujikunyata: ngozi mbichi kwenye nyuzijoto 60 hadi 65 za Selsiasi, iliyotengenezwa kwa magome na mimea kwenye 70 hadi 85 hivi, iliyotengenezwa kwa kromu, yaani chumvi za madini, karibu 100 au zaidi. Ikishajikunyata hairudi, si kwa mafuta wala kwa fundi. Nililetewa jaketi moja lenye alama ya ncha ya pasi upande wa kushoto wa kifua: sehemu ndogo iliyong'aa, ngumu, isiyokunjika, na mkunjo uliokuwa unapigwa vita bado ulikuwa pale pembeni. Na hata ngozi yenyewe ikisalimika, utando wa rangi hulainika kwa joto na kunakili nyuzi za kitambaa ulichotandika juu yake. Onyo la pili: usipake mafuta wala krimu yoyote kabla hujaamua kubaki na jaketi. Mafuta yanabadilisha rangi, na muuzaji atasema umeshalitumia. Atakuwa na haki.

9. Umeridhika? Vaa. Joto la mwili na mwendo wa mikono vinanyoosha mistari ya boksi kuliko kifaa chochote. Mikunjo mipya itatokea kwenye viwiko, na hiyo iache.

MASWALI YA WANACHAMA

Upepo Mkali: Mkuu, langu lina mikunjo mgongoni. Nirudishe?

Jibu: Hatua ya 4, ya 5, ya 6 na ya 7. Njoo na jibu la kila moja.

Upepo Mkali: Sina muda wa kusoma yote, nipe jibu tu.

Jibu: Jibu liko mikononi mwako, kunja ngozi uangalie. Mimi siwezi kulikunja jaketi lako nikiwa huku.

Kiraka: Unatisha watu bure. Mimi langu nilipiga pasi ya joto la chini, nikaweka kitambaa juu, halikufanya kitu.

Jibu: Sijasema kila pasi inaunguza. Ngozi kavu ya kromu inastahimili joto, huenda ndiyo uliyo nayo. Wewe unajua yako ilitengenezwaje? Wengi hapa hawajui, na lebo haisemi. Siwezi kumwambia mtu ajaribu kitu kisichorekebishika kwa ajili ya mstari ambao ungeisha kwa kuvaliwa.

Binti Sindano: Shikamoo mwalimu. Jaketi langu mkono wa kulia ni laini kabisa, wa kushoto una vikunyanzi vidogo vidogo, na ni jaketi moja. Inakuwaje?

Jibu: Marahaba. Umeangalia vizuri. Jaketi moja la kondoo au la mbuzi hutumia ngozi kadhaa, kwa sababu ngozi ya mnyama mdogo haitoshi. Hata ndani ya ngozi moja, karibu na uti wa mgongo nyuzi zimebanana na haivutiki sana, ukielekea tumboni inalegea na kuvutika. Mkataji makini huchukua mikono miwili kutoka pande mbili za uti wa mgongo, kwa usawa uleule, ili ifanane. Wa kwako inaelekea alichukua popote palipobaki. Fanya hatua ya 5 kwenye mikono yote miwili. Kama mikunjo imebanana kotekote, ni tofauti ya sura tu, itapungua ukivaa. Kama wa kushoto umevimba, rudisha. Jaribu pia kuvuta kidogo kila mkono kwa urefu. Ukirefuka zaidi mmoja, utajua kipande kilikatwa kuelekea upande unaovutika.

Binti Sindano: Nimejaribu, imebanana yote, ila wa kushoto unavutika zaidi. Nabaki nalo.

Jibu: Umefanya vizuri. Usilitundike likiwa na kitu kizito mfukoni upande huo.

Mzee wa Koti: Muuzaji kaniambia nyufa kwenye kola ni "tabia ya ngozi".

Jibu: Ukucha unakwama?

Mzee wa Koti: Unakwama, na ndani ni kijivu wakati jaketi ni jeusi.

Jibu: Basi ni utando wa rangi umepasuka. Mpelekee picha ya hatua ya 2 na uieleze hivyo hivyo.

Kofia Nyeusi: Nipake mafuta gani mikunjo iondoke?

Jibu: Hakuna. Mafuta yanalainisha, hayanyooshi. Hatua ya 8.

Fundi Mstaafu: Nje ya mada kidogo. Kabla hujaihukumu zipu ngumu, sugua meno yake kwa mshumaa mkavu, panda na kushuka mara kadhaa. Mikunjo mingi ya pembeni mwa zipu inatokana na watu kuivuta kwa nguvu.

Jibu: Asante sana mzee wangu, hiyo sikuiweka. Niongeze tu: futeni nta iliyobaki kwa kitambaa kikavu, isije ikashika vumbi. Na unapovuta, shika kitambaa cha zipu chini kwa mkono mwingine, usishike ngozi.