Unakojoa Kila Mara na Chini ya Kitovu Kunauma? Anza na Jagi

Dada mmoja mshonaji alikuja zahanati nilipokuwa nafanya kazi, huku Pwani, akamwaga mezani kwangu paketi za antibayotiki alizonunua duka la dawa kwa miezi kadhaa. Aina tatu, na hakuna hata moja aliyoimaliza. "Sista, UTI yangu ni sugu," akaniambia, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Hakai cherehani nusu saa bila kuinuka, na chini ya kitovu kunamvuta mchana kutwa.

Nikamuuliza: "Ukienda chooni, unatoka mwingi au kidogo kidogo?" Akanitazama tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Nikamwambia anunue jagi la plastiki lenye alama za mililita, alitenge kwa kazi hiyo peke yake, na kila mkojo aupime kabla ya kuumwaga. Kesho yake alirudi na karatasi: zaidi ya lita 4 kwa siku moja. Tukampima sukari ya damu, ikasoma 19 mmol/L. Maambukizi ya mkojo alikuwa nayo kweli, ila yalikuwa yakirudi kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kisukari ambacho hakikuwa kimetibiwa.

Tangu hapo kila anayelalamika kukojoa mara kwa mara namwanzishia hapo, kama hana dalili za hatari nitakazozitaja mbele. Chukua daftari, kwa siku 2 au 3 andika saa uliyokwenda, kiasi kilichotoka, ulichokunywa, na maumivu yalikuwaje kabla na baada ya kukojoa. Mtu mzima mwenye afya huenda haja ndogo kama mara 6 hadi 8 kwa siku, na kwa saa 24 hutoa lita 1 hadi 2 hivi. Ukivuka lita 3, na kiu haikuachi hata usiku, kapime sukari bila kuchelewa. Kwa mwenye dalili hizo, sukari ya 11.1 mmol/L au zaidi, hata kama amekula, inaelekeza kwenye kisukari.

Ikiwa unakwenda mara nyingi lakini jagi linaonyesha vijiko vichache tu, kibofu au jirani zake ndio wanaolalamika. Mkojo unaounguza, wenye harufu kali au ukungu, na kinena kinachouma, mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo. Kuna uchafu ukeni, au usaha kwenye uume, au maumivu wakati wa tendo la ndoa? Basi fikiria kisonono, klamidia na maambukizi ya via vya uzazi, na mwenzi wako naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana. Mwanamume wa miaka 50 na kuendelea ambaye mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa unyonge na unamwamsha usiku, akachunguzwe tezi dume. Mwanamke ambaye hajaona siku zake apime mimba kabla ya kumeza chochote. Na usidharau choo kigumu: utumbo uliojaa hukandamiza kibofu, nimeona watoto wengi wakitibiwa mkojo kumbe shida ni choo cha siku 5.

Halafu kuna kichocho, ugonjwa wa minyoo inayompata mtu majini. Kama ulikulia penye mabwawa, mashamba ya mpunga au mito ya maji yanayokwenda taratibu, mwambie mpimaji. Dalili yake kubwa ni damu, hasa kwenye matone ya mwisho ya mkojo. Mayai yake hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo sampuli ya alfajiri inaweza kuyakosa. Nenda muda huo, na hakikisha matone ya mwisho yameingia kwenye kikopo. Dawa yake ni prazikwanteli, inayotolewa kwa uzito wa mwili. Antibayotiki haiui minyoo hii hata ukinywa mwaka mzima.

Kwa kutafuta UTI, utaratibu ni mwingine. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzuri, kwa sababu kipimo cha naitraiti, kemikali ambayo bakteria wengi wa UTI huitengeneza kwenye mkojo, kinahitaji mkojo uliokaa kibofuni kwa muda wa saa 4 hivi. Jioshe kwa maji, tanua mashavu ya uke au vuta ngozi ya uume nyuma, mwanzo wa mkojo uache uende chooni, kisha kinga wa katikati kwenye kikopo safi cha maabara. Usibebe kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nimewahi kuona kipimo kikisoma sukari kwa mtu mzima wa afya, chanzo chake sharubati iliyobaki kwenye kizibo. Sampuli ifike maabara ndani ya saa 1 au 2.

Jambo moja linaniuma sana, nalo ni wasichana wanaobana mkojo shuleni kutwa nzima kwa kuogopa kwamba choo kichafu kinaleta UTI. Bakteria anayesababisha mara nyingi anatoka kwenye utumbo wako mwenyewe, anasogea kutoka njia ya haja kubwa. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, safari ni fupi. Kubana mkojo na kukwepa kunywa maji ndiko kunakompa nafasi. Chuchumaa, kojoa mpaka uishe, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Baada ya tendo la ndoa nenda ukakojoe. Ndani ya uke usiingize sabuni, ndimu wala manukato.

Wakati unasubiri majibu, kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima mpaka mkojo uwe na rangi hafifu. Punguza kahawa, chai ya rangi iliyokolea na vinywaji vya kuongeza nguvu, maana vinachokoza kibofu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, ukiiweka juu ya kinena, inatuliza, na parasetamoli inasaidia. Ukiandikiwa antibayotiki, imalize hata kama siku ya pili umepona. Na ukiambiwa "una UTI na taifodi" wakati huna dalili yoyote ya mkojo, uliza kwa adabu unatibiwa nini hasa. Bakteria kidogo bila dalili, kwa wengi, hawahitaji dawa. Mjamzito ni tofauti, yeye hutibiwa.

Usisubiri daftari wala jagi kama una homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mgongoni, kutapika, damu ya wazi, au mkojo umegoma kabisa na tumbo limejaa. Nenda siku hiyo hiyo. Mjamzito, mtoto na mwenye kisukari nao wasikae nyumbani. Mwanamke aliyekosa hedhi, anaumwa upande mmoja chini ya tumbo na anahisi kizunguzungu, apelekwe hospitali sasa hivi, mimba inaweza kuwa nje ya kizazi.

Vipimo vyote vikiwa safi na bado kinena kinauma kibofu kikijaa, halafu kinapoa ukikojoa, mwonyeshe daktari daftari lako. Kipo kibofu chenye maumivu bila bakteria, nacho kina matibabu yake, ikiwemo kukizoeza: unachelewesha kwenda kwa dakika chache, ukiongeza taratibu wiki hadi wiki. Na kama ulikuwa na UTI, siku 3 za dawa zikapita bila nafuu, usikubali sindano nyingine ya kubahatisha. Omba mkojo uoteshwe maabara. Majibu huchukua siku 2 au 3, na yatakuja na jina la bakteria pamoja na dawa zinazomuua.