Kuanza besi ukiwa mtu mzima: piga noti moja kwanza, ujue inaishia wapi

Nilianza kupiga gitaa la besi nikiwa na miaka 36, nina watoto wawili na kazi ya kuondoka nyumbani alfajiri, na leo napiga kila Jumapili kanisani, kwaiyo haya yote nimeyapitia na vidole vyangu. Kama na wewe umri umesogea afu kila besi ikiingia kwenye wimbo mwili unakusisimka, anza tu. Besi inataka mtu mwenye utulivu wa kusikiliza wenzake, na huo mtu mzima anao kuliko kijana.

Tuanze na chombo chenyewe. Chukua ya waya nne. Wapo watakaokwambia chukua ya waya tano sababu sebene na mapambio ya siku hizi yanashuka chini sana, na ni kweli ile waya ya tano, B ya chini, ina raha yake, ila shingo yake ni pana na ni waya moja zaidi ya kunyamazisha, na kunyamazisha waya ndo nusu ya kazi yenyewe, ntafika huko.

Ukipata iliyotumika usinunue kwa kuitazama ikiwa imening'inia ukutani. Ishike, fumba jicho moja uangalie shingo kwa urefu wake kama fundi seremala anavyokagua mbao, ikijikunja kidogo kwa mbele sio shida, kuna chuma ndani ya shingo kinakazwa inarudi, ila ikiwa imejisokota achana nayo hata kama bei ni ya kutupa. Afu piga kila waya kwenye kila freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, usikie kama kuna sehemu inakwaruza au imekufa, na chomeka kebo uzungushe vile vibatani vyote. Mi ya kwanza niliuziwa waya ziko juu mno, pale freti ya 12 kidole kidogo kilikuwa kinapenya chini ya waya, muuzaji akaniambia utazoea, nikateseka miezi miwili nikiamini mkono wangu ndo mbovu. Fundi mmoja akazishusha kwa alenki ndogo, nusu saa tu, nikarudi nyumbani napiga kama nimebadilishiwa mkono. Kwaiyo pima: kwenye freti ya 12, ile waya nene iwe juu ya freti kama milimita 2 na nusu hivi. Ikizidi sana peleka kwa fundi kabla hujajilaumu.

Ampu kubwa huitaji saa hizi, kuna vile viampu vidogo vya kuchomeka kwenye besi yenyewe ukavaa hedifoni, vinatosha kabisa kwa mtu anayeishi kwenye chumba cha kupanga na majirani wanalala. Umeme ukikatika, egemeza kichwa cha besi kwenye kabati la mbao, kabati linakuwa spika, utashangaa sauti inavyotoka.

Kutyuni, yaani kuweka kila waya kwenye sauti yake: kutoka waya nene kwenda nyembamba ni E, A, D, G. Programu za simu za kutyuni ni za bure na zinafanya kazi, ila ile E inatetema mara 41 tu kwa sekunde na maiki ya simu mara nyingi haiisikii vizuri, mshale unacheza cheza tu. Hapo gusa waya kwa wepesi, usibonyeze, juu ya chuma cha freti ya 12 kabisa, piga halafu inua kidole, itatoka sauti nyembamba kama filimbi ambayo ni E hiyohiyo ya juu, simu itaikamata mara moja.

Sasa mikono. Besi ya kawaida waya yake inayotetema ina urefu wa inchi 34, manake freti za mwanzo ziko mbalimbali sana, kutoka freti ya 1 mpaka ya 4 ni kama sentimita 13, na mkono wa mtu mzima ambao haujazoea ukilazimishwa kutanuka hapo utauma mpaka kwenye kiwiko. Mazoezi ya kutanua vidole anzia freti ya 5, pale umbali kama huo, ya 5 mpaka ya 8, ni kama sentimita 10. Bonyeza karibu na chuma cha freti, nyuma yake kidogo, ukibonyeza katikati utatumia nguvu mara mbili na bado itakwaruza. Dole gumba likae nyuma ya shingo bila kukaba. Ncha za vidole kuuma ni kawaida, wiki ya tatu ngozi inakomaa, lakini kifundo cha mkono kikiuma acha siku hiyo, pumzika, kesho fupisha mkanda besi ipande mpaka kifundo kinyooke.

Mkono wa kulia egemeza dole gumba juu ya pikapu, kile kidude chini ya waya kinachonasa sauti, piga kwa kidole cha shahada na cha kati kwa kupokezana, kidole kikishapita kwenye waya kitulie kwenye waya inayofuata. Usikwanyue kwenda nje.

Na hapa ndo penye kiini chenyewe. Wengi wanaoanza wanafikiri besi ni kupiga noti, wanakimbilia kujifunza mbwembwe, na mi nakwambia mwezi wa kwanza piga noti moja. Weka metronomu, ile ya kugonga mapigo, kwenye mapigo 70 kwa dakika, shika C, freti ya 3 kwenye waya ya A, piga kwenye kila pigo. Afu anza kuangalia inaishia wapi. Iache ilie mpaka pigo linalofuata, fanya hivo dakika tano. Kisha ikate katikati, kwa kulegeza kidole cha kushoto bila kukitoa kwenye waya, kidole kinabaki kimelala juu yake na waya inanyamaza. Kisha ikate mapema zaidi, iwe kama mtu anagonga mlango. Noti ni ileile, spidi ni ileile, ila utasikia muziki mitatu tofauti: wa kwanza ni wa kuabudu, wa tatu unataka kucheza. Mi nilivyosikia hiyo tofauti usiku mmoja sebuleni, watoto wamelala, ndo nikaelewa mpiga besi anafanya kazi gani kwenye bendi. Noti anayoianza inasikika na kila mtu, pale anapoikata ndo watu wanaanza kutikisa mabega.

Na waya ambazo huzipigi zisilie. Ukipiga waya nyembamba, zile nene zinaitikia zenyewe kwa chini na sauti inakuwa tope, kwaiyo dole gumba la kulia lihame likalale juu ya zile nene.

Mwezi wa pili, kama umewahi kuimba kwaya, una mtaji mkubwa. Zile nota za do re mi ulizofundishwa ziko palepale kwenye shingo. Do ni hiyo C. Fa iko waya inayofuata kwa chini, ile ya D, freti ileile ya 3. So ni waya hiyohiyo ya fa, panda freti mbili, ya 5. Na ukitaka so ya chini, iko waya ya juu ya do, ile nene ya E, freti ya 3, jirani kabisa. Umbo hilo halibadiliki, mwimbaji akisema wimbo upande ki mpaka D, yaani do ihamie D, unasogeza mkono wote freti mbili na vidole vinafanya vilevile. Do, fa, so, fa, ukizungusha hiyo tu umeshabeba sebene nyingi mno na mapambio yasiyo na idadi. Aliyeimba besi kwenye kwaya amekuwa akiimba mistari hii miaka yote, amebadilisha koo kwa vidole tu.

Muda: dakika 20 kila siku zinashinda masaa matatu ya Jumamosi, vidole vinakumbuka ukilalia zoezi kila usiku. Besi iache nje ya begi, kwenye stendi au pembeni ya kochi, ikiwa begini utaipita. Na sisi wa pwani, chumvi ya hewani na jasho vinakula waya, futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza.

Kusikiliza nako ni zoezi, ila vaa hedifoni, spika ya simu haitoi besi, unasikia kivuli chake tu. Tafuta dansi letu la zamani, Msondo, Sikinde, na hasa Les Wanyika waliojitenga na Simba Wanyika kule Nairobi mwaka 1978. Besi ya Tommy Malanga kwenye bendi hiyo fuatilia penye ukimya wake: anasema neno, ananyamaza, gitaa la rithim linapita kwenye ule uwazi, anarudi. Usikimbilie kuipiga. Iimbe kwa mdomo siku tatu, ukiosha vyombo, ukiwa kwenye daladala, mpaka na zile nafasi tupu uziimbe, afu ndo uchukue besi.

Kwenda kupiga na watu usisubiri uwe umeiva. Mwezi wa tatu omba kuhudhuria mazoezi, simama upande wa mpiga dramu pale unapoiona kiki yake, lile dramu kubwa la mguu, inagonga, na mwambie mapema, kaka mi nakufuata wewe. Yeye akigonga kiki na wewe unapiga do yako, vitoke kama kitu kimoja, mtu asijue kipi ni kipi. Ukipotea usitafute tafute noti kwa sauti, nyamaza, sikiliza wimbo unarudi wapi, ingia pigo la kwanza. Rekodi mazoezi kwa simu, kesho yake vaa hedifoni usikilize sehemu moja tu: noti zako zinakatika pamoja na dramu au zinaburuzika.