Kampala hadi Mombasa na mbwa ndani ya Hiace: anza na karatasi, godoro baadaye

Wiki iliyopita jirani alinijia na mbwa wake akiwa na swali moja: "Kaka, wewe na Popi mlifikaje Mombasa bila kurudishwa?" Nikamwambia mimi na mbwa wangu Popi kidogo turudishwe. Tulikaa na karatasi zake jioni nzima, na haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Gari

Toa viti vya nyuma, weka godoro, funga neti madirishani. Yangu ni Hiace kuukuu iliyowahi kuwa takisi. Hizi Hiace mpya tunazoziita drone ni nzuri kwa macho, lakini yangu kila fundi kuanzia Bugiri hadi Voi anaijua. Kata bima ya kadi ya njano ya COMESA kabla ya kuondoka.

Hatua ya 2: Karatasi za mbwa

Wewe Mganda unavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mbwa hana bahati hiyo. Anatakiwa awe na chanjo ya kichaa cha mbwa, kibali cha kuingia Kenya kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo kule Kabete, na cheti cha afya cha kutokea Uganda kutoka wizara ya kilimo na mifugo pale Entebbe. Chanjo iwe imetimiza siku 30 na haijapita mwaka, kwa hiyo ukimchanja Jumatatu ili usafiri Ijumaa umeshachelewa. Kibali cha Kenya kiombe kabla ya cheti, maana masharti yameandikwa humo na daktari anayejaza cheti huyafuata hayo.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo nilipolala mpakani. Maelezo ya Popi niliyatoa kwa simu, nikiwa na haraka. Nikasema "mweusi". Popi ni kahawia iliyokolea, ana soksi nyeupe miguu ya mbele, na kadi yake ya chanjo iliandikwa "kahawia". Afisa alisoma kadi, akasoma cheti, akamtazama mbwa, kisha akaniuliza huyo wa pili yuko wapi. Ilikuwa Ijumaa jioni. Wa kunirekebishia cheti alikuwa ameshakwenda nyumbani.

Kwa hiyo mpeleke mbwa mwenyewe kwa daktari, usitume picha wala kupiga simu. Jina, jinsia, rangi na alama zilingane neno kwa neno katika karatasi zote. Ile stika ya chupa ya chanjo, yenye namba, ibandikwe kwenye kadi. Namba iliyoandikwa kwa kalamu huzaa maswali. Angalia kama muhuri unasomeka. Toa nakala tatu. Fika mpakani asubuhi, siku ya kazi. Na usisahau kwamba kurudi nako kuna kibali chake: omba cha kuingia Uganda kabla hujaondoka, usianze kukitafuta ukiwa ufukweni Nyali umevaa ndala.

Mimi napita Busia. Malaba nimewaachia wenye matrela.

Hatua ya 3: Njia

Lala Nakuru, kesho yake Mtito Andei. Asubuhi ya kona za Kericho usimlishe. Ukipita Mtito Andei barabara inakata kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kwa hiyo usimshushe ovyo, na ndani ya hifadhi mbwa haruhusiwi kabisa. Buveera acha nyumbani: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017. Kinyesi nazoa kwa gazeti.

Hatua ya 4: Mombasa

Nenda Juni hadi Agosti, wakati wa kusi. Desemba hadi Machi ni kaskazi, na bati la Hiace huwa chungu cha kupikia. Usimwache mbwa ndani hata dakika 10, madirisha wazi au yamefungwa.

Kisiwani msikae sana. Kibokoni na Mji wa Kale kwote ni vichochoro, na kwa Waislamu wengi wa pale mate ya mbwa ni najisi. Yakigusa chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mfunge kamba fupi, msikae kwenye baraza za watu. Sisi tulipokezana: mmoja anakula mahamri na mbaazi, mwingine yuko na Popi kivulini. Kulala, nenda upande wa Bamburi. Ukitaka Diani, pita barabara ya Dongo Kundu, usimchome mbwa kwa joto kwenye foleni ya kivuko cha Likoni.

Usiegeshe mchangani. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo kuna bamvua, na maji hujaa hadi pale ulipodhani ni pakavu.

Popi amekulia Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, ziwa kwake ni bakuli la maji. Alipoiona bahari alikimbia moja kwa moja akanywa. Alitapika hadi usiku, juu ya godoro langu. Mnyweshe maji matamu ashibe kabla hajashuka garini, na akitoka baharini msuuze chumvi yote, hata katikati ya vidole.