Kupima hatua ya serikali kwa Katiba ya Kenya: kuanzia karatasi ya lango la soko hadi mbele ya jaji

Tuseme wachuuzi wanafika sokoni Jumatatu alfajiri na kukuta karatasi imebandikwa langoni: ada ya kibanda imepanda kutoka shilingi 50 hadi 150 kwa siku, kwa amri ya kaunti. Anayekuja kukusanya hana maelezo, ana risiti tu. Kila mtu anasema "hii ni kinyume cha Katiba", lakini ni wachache wanaoweza kutaja imekiuka nini hasa. Tutautumia mfano huu kuonyesha namna ya kupima hatua yoyote ya serikali, ndogo kama hii au kubwa kama sheria ya kodi ya nchi nzima.

Wengi huanza na haki: heshima ya binadamu, usawa, riziki. Ni kosa la mpangilio. Anza na mamlaka, halafu utaratibu, kisha haki. Maswali mawili ya kwanza hujibiwa kwa karatasi na tarehe. La tatu linahitaji jaji apime uzito wa mambo, na hapo ndipo serikali hupata nafasi ya kujitetea.

Jua kwanza unachokipinga

Andika sentensi moja: nani alifanya nini, lini, kwa waraka gani. Ikikushinda, hujawa tayari. Sheria iliyopitishwa na Bunge au bunge la kaunti, kanuni za waziri, uamuzi wa afisa mmoja na tangazo lisilo na mwenyewe ni vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina mtihani wake.

Kusanya ushahidi kabla haujapotea. Piga picha ya tangazo, tunza risiti za ada ya zamani na mpya, andika nambari za matoleo ya Gazeti Rasmi la Serikali. Picha ya simu na ujumbe wa WhatsApp haviingii mahakamani vivyo hivyo tu: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa, kikiwa na sahihi. Ushahidi mzuri hutupwa kwa kukosa ukurasa huo mmoja.

Ukikosa waraka wenyewe, uombe kwa maandishi chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, ambazo inaweza kuziongeza kwa siku 14, na saa 48 tu ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa tarehe. Hata ukimya wa ofisi ni ushahidi ukiwa na muhuri huo.

Swali la mamlaka

Kwa ada ya soko, fungua Kifungu cha 210(1): hakuna kodi au ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 209 kinaipa kaunti uwezo wa kutoza ada kwa huduma zake. Kwa hiyo tafuta Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo na usome jedwali la ada. Ikiwa shilingi 150 haimo, karatasi ya langoni haina mguu wa kusimamia, na hujahitaji kutaja haki za binadamu hata mara moja.

Kwa kanuni za waziri, Sheria ya Kanuni na Maagizo ya 2013 inataka ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Zisipowasilishwa, zinakufa. Ni jambo la kuangalia mapema, maana jibu liko kwenye kumbukumbu za Bunge.

Mfano mkubwa ni mpango wa serikali wa kupeleka polisi wa Kenya nchini Haiti. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo haukufuata Katiba. Haikutazama kama kuisaidia Haiti ni jambo jema au baya. Ilitazama nani ana uwezo wa kupeleka polisi nje, ikaona Baraza la Usalama wa Taifa halina, na kwamba Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inataka kuwe na makubaliano na nchi husika. Angalia pia kilichofuata: Machi 2024 makubaliano yalitiwa sahihi, Juni askari wa kwanza wakaondoka. Ushindi wa mamlaka au utaratibu huja haraka, lakini huiachia serikali nafasi ya kurudi na kufanya vilevile kwa njia iliyonyooka. Waelezeni wachuuzi hilo mapema, wasije wakadhani ada imezikwa.

Swali la utaratibu

Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa umma miongoni mwa maadili ya taifa, na kinamfunga kila afisa anayetunga sheria, kuitekeleza au kutunga sera. Kifungu cha 118 kinaurudia kwa Bunge, cha 196 kwa mabunge ya kaunti. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Usiseme "hatukuulizwa" ukaishia hapo. Kaunti italeta picha za mkutano na orodha ya waliohudhuria. Onyesha mambo yanayopimika: tangazo la mkutano lilitoka lini na wapi, lilikuwa kwa lugha gani, muda wa kutoa maoni ulikuwa siku ngapi, rasimu yenyewe ilipatikana wapi, na je, mkutano ulifanyika mahali ambapo mchuuzi angeweza kufika bila kufunga kibanda. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu (iliyo juu ya mahakama zote nchini, tofauti na Mahakama Kuu) ilieleza kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli na si wa kutimiza wajibu kwa jina tu, lakini haudai kila mtu asikilizwe ana kwa ana.

Usiuvute mbali mno. Mahakama ya Rufaa iliiangusha Sheria ya Fedha ya 2023 nzima tarehe 31 Julai 2024, sehemu ya hoja ikiwa ni ushirikishwaji. Oktoba 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikauondoa uamuzi huo. Bunge, ilisema, halikulazimishwa kumwandikia kila mtoa maoni sababu za kukataa maoni yake. Ombi linalosimama juu ya "hawakutujibu" pekee sasa lina goti bovu.

Kwa uamuzi unaomgusa mtu au kundi moja, tumia Kifungu cha 47 na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015: taarifa ya mapema, nafasi ya kusikilizwa, sababu kwa maandishi. Tafuta vilevile utaratibu uliofichwa katika sheria nyingine. Oktoba 2021 usambazaji wa kadi za Huduma, yaani vitambulisho vya kidijitali, ulisimamishwa na Mahakama Kuu kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Swali la haki, na mizani ya Kifungu cha 24

Hapa ndipo penye kazi. Kumbuka kwanza haki nne ambazo Kifungu cha 25 hakiruhusu zipunguzwe kabisa: kutoteswa wala kutendewa kinyama, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na amri ya kumleta mtu aliyeshikiliwa mbele ya mahakama. Zikiguswa hizo, hakuna mizani. Nyingine zote zinaweza kubanwa, ila kwa masharti.

Chukua marufuku ya maandamano katikati ya mji. Haki iko Kifungu cha 37: kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Thibitisha kwamba unaandamana kwa amani na kwamba umezuiwa. Ukishafanya hivyo, mzigo unahamia kwa serikali, kama Kifungu cha 24(3) kinavyosema. Sasa iulize:

Je, kizuizi kimo ndani ya sheria? Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Ni taarifa, kibali hakihitajiki. Tofauti hiyo hupotea kila siku mitaani, na barua inayoanza na "tunaomba ruhusa" inampa afisa mamlaka ambayo sheria haikumpa. Andika "tunakuarifu".

Lengo ni zito kiasi gani? Kulinda mali na maisha ni lengo halali. Usilipinge, utapoteza muda.

Kizuizi kinahusiana vipi na lengo, na je, kulikuwa na njia isiyobana sana? Kesi nyingi za haki huamuliwa hapa. Marufuku ya jumla, mji mzima, bila kikomo cha siku, ni vigumu kuitetea iwapo polisi wangeweza kubadilisha njia ya maandamano, kuweka saa, au kuwakamata wenye fujo pekee. Orodhesha njia hizo mwenyewe, usimwachie jaji azibuni. Julai 2024, polisi walipopiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku hiyo kwa muda.

Ikiwa sheria yenyewe ilitungwa au kurekebishwa baada ya Agosti 2010, angalia pia Kifungu cha 24(2): lazima iseme waziwazi kwamba inakusudia kubana haki fulani, na kwa kiasi gani. Kimya ni kasoro.

Mlango sahihi

Ugomvi wa ajira ni wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, wa ardhi ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Kifungu cha 165(5) kinaizuia Mahakama Kuu kuyagusa hayo. Kuyapamba kwa maneno ya Katiba hakuyabadilishi. Hali kadhalika, kama sheria imeweka jopo au rufaa ya ndani, pitia huko kwanza. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala kinaruhusu kuruka hatua hiyo kwa hali ya kipekee tu, na kwa maombi. Maombi mengi hufia hapa kabla hoja haijasomwa.

Usimshtaki Rais kwa jina. Machi 2022, katika kesi ya BBI (mpango wa kurekebisha Katiba), Mahakama ya Juu ilisema hawezi kushtakiwa kwa madai akiwa madarakani kwa anayoyafanya kikazi. Mshtaki Mwanasheria Mkuu.

Kuandika ombi

Kanuni za mahakama za 2013 kuhusu kesi za haki za kikatiba zinataka jina na anwani yako, mambo yaliyotokea, kifungu kilichokiukwa, madhara, kesi nyingine yoyote iliyopo kuhusu jambo hilo, na nafuu unayoomba. Barua ya kawaida inaweza kupokelewa, hata maelezo ya mdomo. Kifungu cha 22(3) kinaagiza kusiwe na ada ya kufungua kesi za Sura ya Nne, yaani sura ya haki. Msamaha huo haukutajwa katika Kifungu cha 258, kinachoruhusu kesi za ukiukaji wowote wa Katiba, kwa hiyo taja vyote viwili.

Kigezo cha kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979 bado kiko hai: eleza kwa usahihi wa kutosha nini kimekiukwa na vipi. "Kaunti imevunja Vifungu vya 10, 27, 28, 40, 43 na 47" ni orodha ya nambari tu. Andika hivi: "Tarehe fulani, kaunti ilianza kutoza shilingi 150. Ada hiyo haimo katika Sheria ya Fedha ya kaunti (kiambatisho 2). Hivyo imetozwa bila sheria, kinyume cha Kifungu cha 210(1)." Ukweli, waraka, kifungu, kwa mpangilio huo, katika kila aya. Vifungu viwili vilivyothibitishwa vinashinda kumi vilivyotajwa.

Ambatanisha hati ya kiapo, wasilisha kupitia mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, kisha uwakabidhi walalamikiwa nakala ndani ya siku 15. Serikali ina siku 14 za kujibu.

Amri ya muda

Ukihitaji ada isimame wakati kesi inasikilizwa, omba amri ya uhifadhi, yaani ya kuzuia hali isibadilike, kwa ombi la dharura. Kesi ya Munya ya 2014 iliweka vipimo vitatu: hoja isiyo ya mzaha, hatari kwamba ushindi utakuwa bure amri isipotolewa, na maslahi ya umma. Cha tatu ndicho hupuuzwa. Kaunti itasema soko halitafagiliwa. Jibu mapema kwamba ada ya 50 inaendelea kulipwa. Na usichelewe: anayesema "dharura" baada ya miezi minne ameshajijibu.

Baada ya hukumu

Soma amri za mwisho kabla ya kusherehekea. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ada ya nyumba inayokatwa kwenye mishahara ni kinyume cha Katiba, lakini ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa uamuzi wake, na makato yakaendelea. Machi 2024 sheria mpya ya ada hiyo ikapita.

Ukishindwa, taarifa ya rufaa inawasilishwa ndani ya siku 14 za uamuzi, na kumbukumbu ya rufaa, yaani jalada la nyaraka za kesi, ndani ya siku 60 baada ya hapo. Ndani ya siku 30 andika barua ya kuomba mwenendo wa kesi uliochapwa, na mpe nakala ya barua hiyo upande wa pili. Usipompa, siku ulizokuwa ukingoja uchapishaji hazitaondolewa kwenye zile 60, na rufaa itakuwa imechelewa.