Kujiandaa kwa Mbio za Milimani za Wales Majira ya Machipuko: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unamlenga mkimbiaji aliyezoea barabara au uwanja, anayeishi Wales au karibu nayo, na ambaye angependa kushiriki mbio zake za kwanza za milimani kati ya Aprili na mwanzo wa Juni. Nimeuandika baada ya kumwelekeza mwanafunzi mmoja wa Bangor, mzaliwa wa Moshi, ambaye mapafu na miguu yake havikuwa na kasoro yoyote lakini hakuwahi kushika dira. Maswali yake ndiyo yaliyoamua ni hatua ipi niieleze kwa kirefu na ipi niipitie kwa sentensi chache.

Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote Wales, una mita 1,085. Kilele chake kiko chini kuliko mitaa ya Nairobi au Arusha, na kwa sababu hiyo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki huudharau. Tatizo la milima hii si hewa nyepesi. Mkimbiaji hupanda akianzia karibu na usawa wa bahari, juu ya nyasi zilizolowa, mawe yanayoteleza na tope jeusi la mboji, na ukungu unaweza kuifunika njia yote kwa dakika chache. Kwamba watu wa kwetu wanaiweza kazi hii halina mjadala: mwaka 2015 mashindano ya dunia ya mbio za milimani yalifanyika Betws-y-Coed, kaskazini mwa Wales, na waliotwaa ubingwa wa wakubwa, Fred Musobo kwa wanaume na Stella Chesang kwa wanawake, wote walitoka Uganda. Hata hivyo, mashindano ya ngazi hiyo hukimbiwa kwenye njia iliyowekewa alama, ilhali katika mbio nyingi za kawaida za Wales unapewa orodha ya vituo vya ukaguzi, na namna ya kutoka kituo kimoja hadi kingine unaitafuta mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua mbio kwa kusoma herufi zake

Kila mbio iliyomo katika ratiba ya chama cha wakimbiaji wa milimani wa Wales, WFRA, ina herufi mbili. Ya kwanza huonyesha ukali wa mwinuko: A ni angalau mita 50 za kupanda kwa kila kilomita, B ni angalau mita 25, na C ni angalau mita 20. Ya pili huonyesha urefu: S haizidi kilomita 10, M ni kati ya 10 na 20, na L inazidi 20. Anza na BS, kisha BM. Usijiandikishe kwa mbio za daraja A zenye urefu wa M au L kabla hujaimudu hatua ya 4, hata kama unakimbia kilomita 10 za barabarani kwa dakika 33. Ras y Moelwyn, inayoanzia Blaenau Ffestiniog, kwa kawaida hufanyika Aprili, na mbio za Cader Idris za mji wa Dolgellau hufanyika Mei. Zile za vilele vya mita 1,000, zinazoanzia pwani ya Abergwyngregyn na kumalizikia juu ya Yr Wyddfa, ziache kwa mwaka mwingine.

Hatua ya 2: Viatu

Nunua viatu vyepesi vyenye meno marefu ya mpira na soli nyembamba, kama vile Walsh au Inov-8 za aina ya Mudclaw. Siviamini kabisa viatu vyenye soli nene laini ambavyo wengi hukimbilia siku hizi: kwenye mteremko wa pembeni vinauinua mguu juu sana kutoka ardhini, na kifundo hupinduka kwa urahisi.

Hatua ya 3: Vifaa vya lazima

Waandaaji wanaweza kudai koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa, suruali ya mvua, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi na chakula cha dharura. Vibebe vyote hata pale ambapo hakuna anayekagua. Sababu ni hesabu nyepesi: joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo asubuhi ya Aprili yenye nyuzi 12 bondeni huwa na nyuzi 6 hivi kwenye kilele kirefu, na upepo wa kilomita 50 kwa saa huufanya mwili usikie baridi ya nyuzi sifuri. Mtu aliyelowa jasho, aliyeteguka mguu na kulazimika kukaa chini, ana muda mfupi sana kabla vidole vyake havijashindwa kufunga zipu. Kwa hiyo vaa koti mapema, ungali na joto, wala usisubiri mpaka uanze kutetemeka.

Jifunze pia ishara ya filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, kimya cha dakika moja, kisha rudia. Kabla ya kutoka nyumbani, tuma neno "register" kwenda 999 ili simu yako iweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi mahali ambapo mtandao hautoshi kupiga. Ukiweza kupiga, piga 999 au 112, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani.

Hatua ya 4: Ramani na dira

Hii ndiyo hatua inayowapotezea watu saa nyingi, na ndiyo inayowapeleka kwenye bonde lisilo lao, kilomita kadhaa kutoka kwenye gari.

Kwa kujifunza nyumbani, tumia ramani ya Ordnance Survey ya 1:25,000. Ile ya kaskazini mwa Eryri, eneo la milima ulipo Yr Wyddfa, ni OL17, yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) kila mita 10. Kwa kukimbia, mimi huipendelea ramani ya Harvey ya 1:40,000, kwa kuwa imechapwa kwenye plastiki isiyochanika, ina maandishi machache, na kontua zake za kila mita 15 zinasomeka hata mkono ukitikisika. Simu haifai kuwa chombo chako cha kwanza: baridi humaliza betri, na skrini iliyolowa haitii kidole. Saa yenye GPS husaidia kuthibitisha mahali ulipo, lakini mshale wake haukuonyeshi genge lililo mbele, na baadhi ya waandaaji wanaikataza, kwa hiyo soma kanuni za mbio husika. Kuhusu dira, chukua yenye kibao cha plastiki na duara la nyuzi linalozunguka. Dira ndogo ya kufunga kwenye kidole gumba ni ya haraka msituni, ila kwenye mlima mpana wenye ukungu tunahitaji usahihi zaidi ya haraka.

Namna ya kupata uelekeo ni hii. Weka ukingo wa kibao juu ya ramani, kuanzia hapo ulipo hadi unakokwenda, mshale wa safari ukielekea mwisho wa safari. Zungusha duara mpaka mistari yake ilingane na mistari ya ramani ya kusini-kaskazini, herufi N ikiwa upande wa kaskazini wa ramani. Inua dira, ishike bapa mbele ya kifua, na ugeuke mwili mzima mpaka sindano nyekundu iingie ndani ya mshale uliochorwa kwenye duara. Sasa chagua jiwe au kichaka kilicho kwenye mstari huo, kikimbilie, kisha chagua kingine. Usikimbie ukiitazama dira yenyewe, kwa sababu mteremko utakuvuta pembeni bila wewe kujua.

Maelezo hayo ni mafupi, na karibu kila mtu huyaelewa siku ya kwanza. Matatizo yako kwingine.

La kwanza ni kugeuza uelekeo kinyume, yaani kukimbia kusini badala ya kaskazini kwa sababu mshale uliwekwa kichwa chini. Dawa yake ni kusema kwa sauti, kabla ya kugusa dira, "ninakwenda takriban kusini-magharibi", na kukataa jibu lolote la dira lisilokubaliana na kauli hiyo mpaka uirudie kazi yote upya.

La pili ni sumaku. Simu, spika ndogo, na vifungo vya sumaku vilivyoko kwenye baadhi ya mikoba ya kukimbilia vinaweza kuipotosha sindano, na vikikaa nayo muda mrefu vinaweza hata kuigeuza kabisa, kaskazini ikawa kusini. Weka dira mfuko mmoja na simu mfuko mwingine wa mbali, na asubuhi ya mbio ilinganishe dira yako na ya mwenzako. Kuhusu tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani, siku hizi ni ndogo mno huku Wales kiasi kwamba mkimbiaji anaweza kuipuuza. Vitabu vya zamani vinavyokuagiza kuongeza nyuzi kadhaa vitakupotosha.

La tatu, ambalo ni zito kuliko yote, ni kuamini kwamba mstari ulionyooka ndio njia. Chukua mfano wa Carnedd Llewelyn, mita 1,064, kilele kipana cha mawe ambapo migongo minne ya mlima hukutana. Wa kaskazini huelekea Foel Grach, wa kaskazini-magharibi huelekea Yr Elen, wa kusini-mashariki huelekea Pen yr Helgi Du kwa kupita juu ya magenge ya Craig yr Ysfa, na wa nne huelekea Carnedd Dafydd, upande wa kusini-magharibi. Penye ukungu, migongo hii yote huanza kwa sura moja: mawe, kisha mawe zaidi. Ukipima uelekeo wa moja kwa moja kutoka Llewelyn hadi Dafydd, dira itakupa jibu sahihi kabisa ambalo ni hatari, kwa kuwa mgongo huo huanza kwa kushuka kusini na ndipo unapopinda kwenda magharibi, ilhali mstari ulionyooka hutoka nje yake na kuangukia mteremko mkali wa bonde la Cwm Llafar. Vilevile, baada ya kupinda, magenge ya Ysgolion Duon yatakuwa mkono wako wa kulia kwa muda. Kwa hiyo gawa safari mara mbili: uelekeo wa kwanza hadi kwenye shingo nyembamba iliyo chini ya Llewelyn, na uelekeo wa pili kutoka hapo kufuata mgongo. Andika nyuzi zote mbili kwenye ramani kwa kalamu isiyofutika usiku wa kuamkia mbio, kwa sababu akili iliyochoka kileleni haipimi vizuri.

Ukiwa na shaka kwamba umeuacha mgongo, simama uelekeze mshale wa dira chini ya mteremko, moja kwa moja kama maji yatakavyotiririka, kisha usome nyuzi. Ikiwa ramani inasema mteremko wako unapaswa kuangalia kusini nawe unashuka kaskazini-magharibi, umekwisha kupotea, na kila hatua ya kushuka itakuwa deni la kupanda. Rudi juu mara moja. Kipimo hiki hakihitaji uone chochote zaidi ya miguu yako mwenyewe, nami nakithamini kuliko mbinu nyingine yoyote.

Pima umbali pia. Nenda uwanjani, kimbia taratibu mita 100, na uhesabu kila mara mguu wa kushoto unapogusa chini. Rudia kwenye nyasi zenye mwinuko, kwa sababu hesabu hubadilika sana. Na unapolenga kivuko cha ukuta wa mawe, usikilenge chenyewe, bali elekea makusudi upande wake mmoja, kwa mfano kushoto. Ukiufikia ukuta utajua kwa hakika kwamba kivuko kiko kulia. Aliyekilenga moja kwa moja akakikosa hana namna ya kujua ageukie wapi.

Fanya mazoezi haya siku ya jua, kwenye mlima unaoujua, mpaka mikono izoee. Kujifunzia ndani ya ukungu ni kuchelewa.

Hatua ya 5: Kupanda

Pale mwinuko unapozidi, tembea ukiweka mikono juu ya magoti na kusukuma. Wakimbiaji wa mbele kabisa hufanya hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Kushuka

Mgeni mwenye kasi ya barabarani hupitwa hapa na watu wenye umri wa baba yake. Kosa ni kuegemea nyuma na kufunga breki kwa visigino: uzito unahamia mahali ambapo meno ya kiatu hayashiki, na mapaja yanakwisha nguvu kabla ya bonde. Sogeza kiwiliwili mbele kidogo, fupisha hatua na uziongeze idadi, legeza mikono ipate kukuweka sawa, na utazame mita tatu au nne mbele badala ya vidoleni. Jizoeze kwanza kwenye nyasi, kisha kwenye changarawe, na mwisho kwenye mawe yaliyolowa. Mwezi Aprili theluji ngumu inaweza kuwa imebaki katika mifereji inayoelekea kaskazini. Izunguke, kwani viatu vya mbio havina uwezo nayo.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Soma utabiri wa hali ya hewa wa milimani, ule wa Met Office (idara ya hali ya hewa ya Uingereza) au wa MWIS (huduma ya utabiri wa milimani), unaotaja upepo na ukungu wa vileleni. Utabiri wa mjini haukuambii lolote kuhusu mita 900. Machipuko ni msimu wa kondoo kuzaa, hivyo acha kila lango kama ulivyolikuta, usipite katikati ya kondoo na mwanawe, na unapofanya mazoezi kabla ya mbio usichukue mbwa asiyefungwa kamba. Ukirudi, jikague kupe nyuma ya magoti na kiunoni.

Wasimamizi huwahesabu wakimbiaji mwanzoni na kwenye vituo vya ukaguzi, kwa hiyo hakikisha namba yako inaonekana juu ya koti. Ukiamua kuacha mbio, hata ukiwa umeteremkia barabara iliyo karibu na nyumbani kwako, ni lazima ufike mahali pa kumalizia au umfikishie taarifa msimamizi, na uhakikishe ameiandika. Usipofanya hivyo, waokoaji, ambao ni watu wa kujitolea, watapanda usiku kumtafuta mtu aliyekwisha kula na kulala.