Fundi Kwanza, Vipuri Baadaye: Kumchagua Fundi wa Kukuundia Bastola ya 1911

Watu wengi wanaotamani bastola iliyoundwa kwa mkono huanza safari yao kwa kununua vipuri. Hununua fremu (kiunzi cha chini chenye mshikio) pale bei inapopunguzwa, mtutu kutoka duka jingine, slaidi (kipande cha juu kinachoteleza mbele na nyuma) iliyotumika kidogo kutoka kwa mtu anayeuza mali zake, na baada ya mwaka mmoja au miwili huwa na sanduku lililojaa chuma cha thamani, ndipo wanapoanza kutafuta mtu wa kukiunganisha. Mpangilio huo ndio unaozaa ugomvi mwingi kati ya wateja na mafundi. Fundi mzuri ana vipuri anavyoviamini kwa sababu ameshavifanyia kazi mara nyingi, na mwenye sanduku lake anapofika humpa kazi ya kurekebisha uchaguzi wa mtu mwingine, kazi ambayo wengine huikataa na wengine huitoza zaidi. Kwa hiyo mchague fundi kabla hujatoa senti moja kwa kipuri chochote.

Maelezo yanayofuata yanahusu Marekani, ambako kazi hii ina mizizi, na yanahusu bastola ya aina ya 1911, ambayo huundwa sana kutokana na vipuri. Msomaji aliyeko Kenya au Tanzania asiyachukue kana kwamba yanatumika kwake, kwa kuwa huko umiliki wa silaha hutegemea leseni ya mtu binafsi na masharti yake ni mengine kabisa. Aliyeko Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, naye ajue kwamba sheria ya shirikisho kwa kawaida humkataza kumiliki silaha, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa kwenye sheria hiyo, na ajiridhishe kuhusu jambo hilo kabla ya kuendelea.

Ni vyema kuelewa kwanza kwa nini kazi hii inahitaji fundi. Bastola ya 1911, iliyobuniwa na John Browning, ilikubaliwa na Jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911, ikabaki kuwa bastola yake ya kawaida hadi mwaka 1985 ilipochaguliwa Beretta. Za jeshi ziliachiwa nafasi kidogo kati ya vipande vyake, ili kipande cha bastola moja kiweze kuingia kwenye nyingine na ifyatuke hata ikiwa na vumbi. Nafasi hiyo ilimfaa askari, lakini mlenga shabaha wa mashindano kama yale ya Camp Perry, Ohio, hakuridhika nayo, na mafundi wa jeshi wakaanza kuzikaza bastola hizo kwa mkono. Leo viwanda vingi hutengeneza vipuri vya 1911, kila kimoja kikiwa na vipimo vinavyotofautiana kidogo na vya kingine, na vipuri bora hutengenezwa makusudi vikiwa vikubwa kuliko inavyohitajika ili fundi avipunguze kwa tupa na mashine mpaka vikae sawasawa. Anayedhani kuunda 1911 ni kufunga vipande kama kabati la kununua dukani hajawahi kuona mtutu mpya ukikataa kuingia kwenye slaidi.

Jambo la kwanza la kukagua ni leseni. Mtu anayefanya biashara ya kutengeneza au kurekebisha silaha za wengine lazima awe na leseni ya shirikisho inayotolewa na ATF, idara ya serikali inayosimamia silaha, na kuna aina mbili utakazokutana nazo mara kwa mara. Aina ya 01 ni ya wauzaji na mafundi wa kurekebisha, na Aina ya 07 ni ya watengenezaji. Fundi anayefanya kazi juu ya fremu uliyoileta wewe, na kukurudishia wewe, kwa kawaida huhesabiwa kuwa anarekebisha. Anayenunua fremu na vipuri mwenyewe, akaunda bastola kamili na kuiuza, anatengeneza, na hapo anahitaji Aina ya 07. Muulize wazi anaifanyaje kazi yako, kwa kuwa watengenezaji wanaofikisha silaha 50 au zaidi kwa mwaka hulipa ushuru wa shirikisho, ambao kwa bastola ni asilimia 10, na ni haki yako kujua kama kiasi hicho kimo ndani ya bei uliyotajiwa. Namba ya leseni inaweza kuhakikiwa kwenye huduma ya mtandaoni ya ATF iitwayo FFL eZ Check, na fundi anayekasirika kwa kuombwa namba yake amekwisha kukujibu.

Kwenye 1911 sheria huihesabu fremu kuwa ndiyo silaha yenyewe, nayo ndiyo hubeba namba ya utambulisho. Mtutu, slaidi na vingine hununuliwa kama bidhaa za kawaida katika majimbo mengi, lakini fremu mpya inayotoka dukani hupitia kwa mwenye leseni na ukaguzi wa rekodi za mnunuzi. Silaha ikilala kwa fundi, lazima iandikwe kwenye daftari lake la kupokea na kutoa. Ikiwa haina namba kwa kuwa iliundwa na mtu binafsi, kanuni ya ATF ya mwaka 2022 inamtaka mwenye leseni anayeipokea daftarini aipige namba. Fundi anayekwambia kwamba anaweza kukwepa mambo hayo ili kukusaidia anayaweka mashakani maisha yako pamoja na yake, na mazungumzo naye yaishie hapo. Majimbo kama California, New York, New Jersey na Massachusetts yana masharti ya ziada juu ya hayo ya shirikisho, kwa hiyo fundi anayeyajua masharti ya jimbo unaloishi ana faida kubwa kuliko aliye mbali, hata kama wa mbali ana jina kubwa.

Baada ya leseni, tazama ni bastola za aina gani zinazopita mikononi mwake kila siku. Fundi hodari wa kufunga darubini kwenye bunduki za kuwindia, au wa kurudisha rangi kwenye shotigani za kale, anaweza asiwe ameunda 1911 hata moja katika miaka mitano. Cheti cha chuo, kama Trinidad State kule Colorado ambako ufundi huu unafundishwa, ni dalili njema, ila hakikuelezi kama mkono wake umezoea kazi unayoitaka. Nenda kwenye uwanja wa mashindano ya karibu, yale ya kulenga kwa mkono mmoja au yale ya USPSA, chama cha mashindano ya kufyatua kwa kasi na usahihi, na uwaulize walengaji bastola zao ziliundwa na nani, lini, na zimefyatua risasi ngapi tangu hapo. Bastola yenye miaka sita ambayo mwenyewe bado anaipeleka mashindanoni inatoa ushahidi ambao picha za bastola mpya iliyong'arishwa haziwezi kutoa. Wanaopiga picha nzuri ni wengi kuliko wanaojua kuufunga mtutu.

Mtutu ndio unaofaa kuuulizia kwa kina ukizungumza na fundi. Katika 1911 mtutu hujifunga na slaidi kwa meno yaliyo juu yake, huegemea pini kwa miguu iliyo chini, na mbele hushikwa na bushi, yaani pete ya chuma. Usahihi wa bastola hutegemea mtutu kurudi mahali pale pale kila slaidi inapofunga. Muombe akueleze anavyoupima, na umsikilize kama anazungumza kwa vipimo au kwa sifa. Fundi wa kweli atakwambia kina ambacho meno yanaingia, atakuonyesha geji anazotumia kuhakikisha kwamba chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, imo ndani ya viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji inayoweka vipimo vya silaha na risasi, na bila kuulizwa atagusia njia ambayo risasi huingilia kwenye mtutu. Kati ya mteremko wa fremu na mdomo wa mtutu huachwa hatua ndogo ya takriban sehemu moja ya 32 ya inchi, chini kidogo ya milimita moja, na mtutu ukiutokeza mteremko huo risasi hugonga ukingo na kukwama. Anayekujibu kwamba ataupiga msasa mteremko mpaka ung'ae, pasipo kutaja hatua hiyo, anatibu macho yako na tatizo linabaki.

Uliza pia kuhusu uzito wa kifyatulio, yaani nguvu inayohitajika kukibonyeza. Wateja wengi hutaka kifyatulio chepesi mno kwa sababu ndicho wanachokihisi kwanza wakiwa dukani. Kwa bastola ya kazi ya kawaida pauni 4 hadi 5 zinatosha, na hata sheria za mashindano ya jadi ya kulenga kwa bastola ya kaliba ya .45 haziruhusu chini ya pauni 3.5. Fundi anayekubali kushuka hadi pauni 2 bila kukuuliza bastola ni ya nini anauza raha ya siku ya kwanza. Yule atakayekuuliza utaibeba au ni ya uwanjani tu, utatumia risasi gani, na ukubwa wa mkono wako ukoje, huyo ameanza kazi kabla hujamlipa.

Hapo ndipo vipuri vinapoingia. Mkabidhi bajeti na matumizi, kisha umwachie apendekeze fremu, slaidi na mtutu, ukibaki na haki ya kuuliza sababu ya kila kimoja. Usibane matumizi kwenye nyundo, kishikizo chake na kivuta-ganda, kwa sababu vipande hivyo vidogo vikiwa vya chuma kigumu kilichochongwa hukaa na marekebisho yake kwa muda mrefu, ilhali mishikio, rangi na michoro vinaweza kusubiri mwaka mwingine. Kama tayari una sanduku la vipuri, mpelekee orodha ukitaja kiwanda cha kila kimoja, na ukubali akisema baadhi havitatumika. Jambo ambalo lazima liandikwe ni dhamana: mteja anapoleta vipuri mwenyewe, mafundi wengi hudhamini kazi yao pekee, si vipuri, kwa hiyo fremu ikikutwa imepinda hasara ni yako.

Makubaliano yote yawe kwenye karatasi, yakitaja namba ya fremu, kila kipuri, kiwango cha usahihi kinachoahidiwa na umbali wake, malipo ya awali, na tarehe. Kundi la matundu ya risasi la inchi 2 kwenye yadi 25 si sawa na kundi hilo hilo kwenye yadi 50, na fundi asiyetaja umbali hajaahidi kitu. Mafundi mashuhuri wana foleni inayoweza kupita mwaka, na bastola kamili kutoka kwao huvuka dola 3,000 kwa urahisi. Foleni si kosa. Kosa ni kuchukua malipo yote mwanzoni na kukaa na fremu yako bila kuigusa, ndiyo maana ni bora ulipe sehemu ndogo ya kushika nafasi na upeleke fremu zamu yako inapofika.

Siku ya kuipokea, hakikisha pamoja naye kwamba haina risasi kwenye chemba wala magazini, kisha ikague hapo hapo mezani kwake. Slaidi ikiwa imefungwa, bonyeza kwa dole gumba sehemu ya mtutu inayoonekana kwenye dirisha la kutolea maganda; mtutu haupaswi kuzama. Vuta nyundo, weka kizuizi cha usalama, bonyeza kifyatulio kwa nguvu ya kawaida na ukiachie, halafu ondoa kizuizi, sogeza bastola karibu na sikio na uivute nyundo nyuma taratibu. Ukisikia mlio mdogo wa chuma, kishikizo cha nyundo kilisogea wakati kizuizi kilipaswa kukizuia, na bastola hiyo haitoki dukani mpaka irekebishwe. Fundi anayejiheshimu atalifanya jaribio hili mwenyewe mbele yako kabla hujaomba, atakupa karatasi ya shabaha aliyoipiga nayo pamoja na aina ya risasi alizotumia, na atakutaka uirudishe aikague baada ya kufyatua risasi 500 za kwanza, kwa kuwa reli ambazo slaidi huteleza juu yake na meno mapya huendelea kukaa na kivuta-ganda huenda kikahitaji kukazwa tena.