Jinsi ya kumfuatilia mnana akijenga kiota hapo hapo uani kwako

Kama una mnazi uani na masika yameanza wala usihangaike kwenda mbugani, mnana atakuja mwenyewe na kelele zake utazisikia toka kitandani. Nnayemsemea ni yule wa njano, dume lake lina kichwa cheusi na macho mekundu. Weka kiti mbali kidogo, asubuhi mapema, tulia.

Cheki kwanza anavyopata vifaa: anauma ukingo wa jani la mnazi halafu anaruka nao mdomoni, uzi mrefu unachanika wenyewe, yani kama bibi anavyochana miyaa ya mkeka. Anaanza na duara moja tu kwenye ncha, kama bangili imening'inizwa, na hapo usibanduke maana anasimama ndani ya hiyo bangili na hageuki, anasuka chumba cha mayai mbele mpaka mdomo unapofika, akimaliza anajikunja kinyumenyume kusuka mlango. Bangili yenyewe ndo kipimo chake.

Sasa rangi. Kiota kibichi maana yake bado anatafuta mke, jike akipita tu dume ananing'inia chini ya kiota kichwa chini miguu juu anapigapiga mabawa. Jike anaingia, anavutavuta nyasi kuona kama kimekaza, na asipopenda anaondoka zake. Kikikauka bila mke dume anakibomoa mwenyewe anaanza upya palepale.

Ila cha kahawia sio lazima kiwe tupu!! Mie nilishakata kuti nikidhani viota vimehamwa, kumbe viwili vina makinda, roho iliniuma sana. Kabla hujashika panga kaa utazame: jike akiingiza manyoya na nyasi laini ujue kashahamia. Anataga mayai 2 au 3, anaatamia mwenyewe kama siku 12 hivi, huyo baba kashaanza nyumba ya mke mwingine.

Ngazi usipande kuchungulia, utamkimbiza. Mayai ya kila jike yana rangi yake, mengine meupe, mengine ya bluu yenye madoa, ndo anavyolijua yai la kekeo, yule ndege anayekuja kutaga kwa wizi.

Kiota kikidondoka na mvua, hakikisha ni kitupu kisha kifumue taratibu na watoto, mtakuta mpaka mafundo, na yote kayafunga kwa mdomo. Mie nilianza kuhesabu nyuzi nikaishia njiani.